Kila Plastiki na Ndugu Yake

Mwaka huu nimemwonea mtu wivu kwa sababu ya bidoni iliyotoboka, na sioni haya kulisema. Wengine wanaoneana wivu kwa nyumba ya bati, kwa pikipiki, kwa mume anayerudi nyumbani mapema. Wivu wangu mimi ni wa bidoni ya plastiki, ile ya kuchotea maji, na kisu cha moto, na mwanamke mmoja anayejua kuvikutanisha hivyo viwili mpaka maji yasipate pa kutokea.

Mwanamke huyo alikulia nyumbani kwetu, hapa Kindu, tangu miaka ya vita. Hatukutoka tumbo moja. Alinizidi miaka miwili, kwa hiyo nilipaswa kumwita yaya, yaani dada mkubwa, na sikumwita hivyo hata siku moja. Nilimwita "weye". Nikikasirika nilimwita "ule wa Kibombo", yaani mji alikotoka, na nilikuwa nakasirika sana.

Nianze na mama, maana bila mama hakuna wivu.

Vita vilipofika, baba alikuwa kazini kwenye treni, upande wa kusini. Reli ikakatwa, naye akabaki huko, hatukumwona tena. Mimi nilikuwa mtoto wao wa pekee. Baadaye mji wenyewe ukazingirwa: askari walioushika walikuwa ndani, wale wa msituni walikuwa nje, na mashamba yetu ya mpunga yalikuwa upande ambao mtu hathubutu kwenda. Treni haikuja, mashua hazikuja, na kila kitu kinachotoka mbali kikawa adimu: chumvi, sabuni, sindano, kiberiti. Na bidoni. Bomba la mji lilikuwa limekufa, maji tulichota mtoni, na bidoni yako ikitoboka hukuwa na pa kununua nyingine. Niliona wanawake wakipanda kutoka Lualaba na maji kwenye sufuria ya kupikia, nusu yamewamwagikia mgongoni.

Mama akaanza kuziponya. Nasema kuziponya kwa sababu hakulipenda neno kuziba. "Kuziba njo ya shimo ya panya," alisema. "Bidoni iko mugonjwa. Tunaiponyesha." Alikuwa na kisu kimoja cha zamani, kimevunjika ncha, mpini wake umezungushiwa waya. Alikiweka kwenye makala, makaa ya moto, ndani ya mbabula, jiko letu la bati, mpaka kipate moto sawasawa. Kisha alikata kipande kutoka kwenye plastiki iliyokwisha kufa kabisa, akakiyeyusha juu ya tundu, akalainisha mshono kwa ubapa wa kisu polepole kama anayempaka mtoto mafuta. Mtaa mzima ukamjua. Wakamwita Munganga wa Bidoni, kana kwamba ni daktari wa hospitali, wakamletea walichokuwa nacho: kikombe cha mchele, samaki mmoja, robo ya sabuni. Kisu kile ndicho kilichotulisha.

Yule wa Kibombo aliletwa na mama siku za mwanzo, wakati watu walikuwa bado wanaingia mjini kwa miguu wakifuata reli. Walilala kwenye mabehewa yaliyosimama pale stesheni. Mama alikwenda kuponyesha bidoni zao, akarudi na msichana ameshika mkono wake, kitambaa kimoja kiunoni, hana mama, hana baba, hana hata kijiko. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Mama aliniangalia usoni, akajua mara moja ninachofikiri, akasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Basi mwenyeji nilikuwa mimi, na sikuona nilichopona. Nilichoona ni kwamba mkeka wangu umegawanywa na wali wangu umepungua.

Hayo ningeyasamehe. Ambalo sikulisamehe ni kazi. Mama alimkalisha msichana yule karibu naye, mbele ya mbabula, akamfundisha. Mimi nikisogea tu, alinifukuza.

"Toka hapa! Uko na mikono ya haraka. Enda upelekee wenyewe bidoni yao."

Mikono ya haraka! Nilivunja bilauri moja maishani mwangu, na bilauri hiyo ikawa cheo changu. Nikawa mpelekaji. Nilizunguka mtaa mzima na bidoni za watu kichwani, na nikirudi nilikaa kwenye kizingiti cha jikoni, ule upande wa upepo ambako mama alikuwa ameniwekea kigoda changu, nikawatazama. Vichwa vyao viliinama juu ya makala mpaka vilikaribia kugusana. Moshi uliwafunika wote wawili. Nilitamani niwe ndani ya moshi ule kuliko nilivyotamani chumvi.

Mama alikuwa na kanuni moja, na aliirudia mpaka sisi wote tukaiweza kama sala: kila plastiki na ndugu yake. Kipande kisichokuwa ndugu wa bidoni kitashika leo na kubanduka kesho kutwa. Nilisikia vizuri kanuni hiyo kutoka kizingitini kwangu. Sikusikia, au sikutaka kusikia, jinsi ndugu anavyojulikana. Nilimwona tu mama akichoma kijipande, akakipeleka puani kwa msichana.

"Nusa. Iko nini?"

"Mushumaa."

"Ehe. Weka."

Mimi mama hakuniuliza nanusa nini. Hata mara moja.

Jioni msichana alikohoa, na macho yake yalikuwa mekundu. Nilijua kwa hakika, kama watoto wanavyojua mambo, kwamba anajifanya. Mama alimpa kijiko cha mawese anywe kusafisha koo, na mawese yalikuwa hayapatikani. Nikakohoa na mimi. Mama akacheka, akaniambia nilale.

Siku moja tulikuwa wawili tu uani, yeye anapasha kisu, mimi nimerudi kutoka kupeleka bidoni. Nilisimama mbali kidogo nikamwambia, "Mama anasema kila plastiki na ndugu yake. Weye si ndugu. Utabanduka tu."

Aliniangalia. Kisha akageuza kisu upande wa pili. Ningependa kuandika hapa kwamba niliona haya, lakini niliona raha, na raha hiyo ilidumu mpaka saa ya kula.

Vita vilipopoa, bidoni zikarudi. Wafanyabiashara wa Kivu wakaleta mabeseni, viti vya plastiki, na zaidi ya vyote sashe, hii mifuko myepesi ambayo leo unapewa hata ukinunua kitunguu kimoja. Nani tena aende kwa munganga? Bidoni ikitoboka ilitupwa kwenye mfereji, na yule aliyekuwa amelia machozi kwa ajili ya bidoni wakati wa vita ndiye aliyekuwa wa kwanza kuitupa. Mama aliendelea kuponyesha chache, za wazee na za maskini, mpaka kifua kikamkataza. Alikohoa muda mrefu, akafa akiwa ameegemea mto, kwa maana hakuweza tena kulala chali.

Siku ya matanga, watu wakiwa bado uani, niliingia jikoni nikachukua kisu. Nikakifunga kwenye kitambaa, nikakitia ndani ya sanduku langu chini ya vitenge. Baada ya arobaini, yule wa Kibombo alinijia. Hakutaka nguo za mama, hakutaka sufuria. Aliuliza, "Kile kisu, uko nacho?"

"Kilipotea," nikasema.

Baadaye yeye akaolewa ng'ambo ya mto, Alunguli, akawa anauza samaki wanaotoka Lokandu. Nami nikaolewa mtaani kwetu. Tulisalimiana Idi kwa Idi. Watu walimuuliza yeye habari za marehemu mama kana kwamba ni wake, naye alijibu kana kwamba ni wake.

Sasa nije kwenye mwaka huu.

Sashe zilikatazwa na serikali zamani, katazo lilifika Kindu likalala usingizi. Mifereji ikajaa, mvua ikinyesha maji yanaingia vyumbani na yanakuja na kila ulichokitupa, kama mgeni anayekurudishia zawadi zako. Ndipo watu wa meri, ofisi ya mji, wakaamka. Wakatuita mkutano kwenye uwanja wa mtaa, wakaja na madame mmoja wa proje, mradi wa takataka, mwanamke mpole mwenye viatu vyeupe. Alitueleza kwamba takataka zitatengwa: zinazooza kando, plastiki kando. Plastiki inayoweza kutengenezwa itatengenezwa, isiyoweza itayeyushwa na mchanga itoe matofali ya njia. Akachora mduara mkubwa kwenye ubao. Akasema huo unaitwa uchumi wa mzunguko, kitu kinatumika, kinatengenezwa, kinarudi kutumika, hakitupwi.

Bibi mmoja nyuma yangu akasema kwa sauti, "Siye wakati ya vita tulikuwa tunaita ile shida."

Uwanja mzima ukacheka, na madame pia akacheka, lakini aliandika kitu kwenye daftari lake. Kisha akauliza swali lililonitia mashakani. Amesikia kwamba wakati wa vita mtaa huu ulikuwa na mtu anayeponyesha bidoni. Nani bado anaijua kazi hiyo? Wanamtaka afundishe wanawake kumi na asimamie karakana itakayofunguliwa pale penye ofisi ya mtaa.

Vichwa vikanigeukia. Wote walimjua mama, na wote walijua nani alikaa naye mbele ya mbabula. Niliona midomo inaanza kufunguka kutaja jina la mwingine. Nikasimama kabla haijafunguka.

"Njo miye," nikasema. "Niko mutoto wake."

Madame alifurahi, akapanga Jumatano nije kuonyesha. Nikatoa kisu sandukuni. Nyumbani nilikata kipande cha bidoni ya njano, nikakiyeyusha juu ya bidoni nyingine ya njano iliyotoboka, nikajaza maji. Halikutoka hata tone. Njano juu ya njano, ndugu na ndugu! Nilipiga vigelegele peke yangu jikoni. Miaka yote ile kufichwa kitu chepesi namna hii.

Jumatano walinipa bidoni ya buluu, na pembeni lundo la plastiki nichague kipande. Kulikuwa na cha njano, cha kijani, chekundu. Nikapekua mpaka nikapata cha buluu ileile kabisa, kutoka kwenye beseni lililovunjika. Nikafanya kazi yangu kwa madaha, polepole, ili kila mtu aone mikono isiyokuwa ya haraka. Nilipomaliza, bidoni ilikuwa nzuri kuitazama kuliko ilivyotoka dukani. Madame akaiinua, akaijaza maji, akaishika mbele yake watu waione. Kipande kikabanduka chote kwa mara moja, kama ngozi ya maziwa ya moto, na maji yakamshukia kwenye viatu vyeupe.

Hakuna aliyecheka kwanza. Kisha mmoja akacheka, na wengine walikuwa wanamngoja yeye tu.

Na nani amesimama ukingoni mwa uwanja, beseni la samaki kichwani? Mkubwa wa mtaa alikuwa amemtumia ujumbe avuke mto, kimyakimya, kwa kuwa hakuniamini. Alitua beseni lake. Akaazima kisu cha jikoni kwa mama muuza mandazi. Akakwangua ukucha mdogo wa bidoni ile ya buluu, akauchoma, akaunusa huku amefumba macho. Akakwangua kipande kimoja cha lundo, akanusa, akakiweka kando. Cha pili, akakiweka kando. Cha tatu kilikuwa ubavu wa bidoni nyekundu ya mafuta. Akanusa mara mbili, akaanza kukiyeyusha juu ya buluu.

"Nyekundu?" watu wakanong'ona.

"Rangi si undugu," alisema bila kuinua kichwa.

Bidoni ilijazwa, ikapinduliwa, ikatikiswa. Kidonda chekundu kilikaa juu ya buluu, kibaya mno kukitazama, na hakikuvuja. Madame akamuuliza nani alimfundisha.

"Mama yetu."

Hilo "yetu" liliniunguza kuliko kicheko cha uwanja mzima. Halafu macho yake yakashuka kwenye mkono wangu, yakakiona kisu. Kimevunjika ncha, mpini wa waya. Nilingoja aseme mbele ya wote kwamba mimi ni mwongo na mwizi. Ningekuwa yeye, ningesema, tena kwa sauti. Akamgeukia madame akasema, "Huyu mudogo wangu alisahau tu kunusa." Kuna watu ambao hata wema wao ni kofi.

Kazi akapewa yeye. Alasiri, kabla ya kuvuka kurudi kwake, alipita nyumbani kwangu na samaki wawili. Sikumkaribisha kiti. Nilisimama mlangoni nikamwaga yote ya miaka yote.

"Ulipata yote. Mama ulimupata, jina yake ulipata, sasa na kazi. Miye mutoto wake nilifukuzwa kama kuku. Nilikosa nini?"

Alicheka, na kicheko kikageuka kikohozi, akashika mlango mpaka kikaisha. Ni kikohozi kilekile cha utotoni, na siku hiyo ndipo nilipokisikia vizuri: si cha kujifanya, na ni kilekile cha mama.

"Unafikiri alikufukuza juu ya mikono?" akauliza.

Akatua samaki kizingitini, akaendelea.

"Siku moja mama jirani alikuja. Akauliza mama: 'Juu ya nini haufundishe mutoto wako ile kazi, unafundisha mugeni?' Mama akasema: 'Moshi hii inakula kifua. Wangu iko mumoja tu.' Miye nilikuwa pale pale, nimeshika kisu. Hakushusha hata sauti. Labda alisahau kama niko."

"Na weye ukafanya nini?"

"Nikageuza kisu. Plastiki ilikuwa inaungua. Ningeenda wapi?" Akafuta mdomo kwa ncha ya kitenge. "Alinipenda, sikatai. Alinilisha. Lakini kila siku alikuwa anakufukuza, miye nilikuwa naona wivu. Nilikuwa naomba Mungu, siku moja anifukuze na miye."

Nitasema ukweli mbaya: kitu cha kwanza kilichonijia moyoni kilikuwa furaha. Mama alinipenda mimi! Alikuwa ameniwekea kigoda upande wa upepo, moshi usinifikie, kwa mikono yake mwenyewe. Furaha hiyo haikudumu, kwa sababu aliyekuwa mbele yangu alikuwa bado anavuta pumzi kwa shida. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kumbe mama hakuwa ananibembeleza alipoisema. Mwenyeji alipona kweli, na aliyelipa ni mgeni.

Niliingia ndani nikarudi na kisu, nikamnyooshea kwa upande wa mpini. Alikipima mkononi.

"Kumbe hakikupotea."

"Hapana."

Akakifunga kwenye ncha ya kitenge chake, akabeba beseni, akaenda kuwahi mtumbwi. Samaki niliwapika. Sikuweza kuwala.

Mafunzo yalipoanza nilikwenda, mwanafunzi wa kumi. Kabla makala hayajashika niliinuka nikamuuliza madame maski za kufunika pua ziko wapi. Akasema zimeagizwa, ziko njiani. Nikamwambia kwenye ule mduara wake kila kitu kinazunguka kirudi, isipokuwa moshi; moshi unaingia kwa mtu na kukaa. Nilisema kwa ukali, nilivyozoea, na safari hii hakuna aliyecheka. Aliandika. Maski bado zinakuja.

Tulikaa kuzunguka mbabula. Upepo ulitoka mtoni ukausukuma moshi wote upande wake yeye. Wanawake wengine wakasogeza viti vyao kuukwepa. Mimi nikachukua kigoda changu nikakipeleka kwake, nikakaa bega kwa bega naye.

Hakuinua kichwa. "Toka hapa," alisema. "Uko na mikono ya haraka."

"Sitoki, yaya."

Kisu kilisimama hewani. Alinitazama, macho mekundu, kisha akakwangua ukucha mdogo wa bidoni, akauchoma, akanipelekea puani.

"Basi nusa. Iko nini?"

Nilivuta pumzi yote. Ilikuwa mshumaa, na ilinichoma mpaka kifuani.